Wauza skuta za umeme Dar, acheni kutuuzia betri za asidi kwa bei ya lithiamu!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nilinunua skuta ya umeme duka moja la Kariakoo, ya kwendea kazini tu, Sinza mpaka Mwenge. Muuzaji akaniapia kwamba betri ni lithiamu, inatembea kilomita 60 na itadumu miaka mitano. Mwaka haujaisha, na sasa nikifika Bamaga mashine imeshaanza kukata moto.

Jana fundi kafungua chini ya kiti. Betri nne nyeusi za volti 12, zimeungwa mfululizo kwa waya, na ubavuni kila moja ina alama ya pipa la taka lililopigwa mkasi, chini yake herufi Pb. Hiyo ni madini ya risasi! Ni betri za asidi, ndugu zake zile za kwenye UPS za ofisini, vile vifaa vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Lithiamu iko kwenye stika waliyobandika nje ya bodi.

Betri ya asidi ukiikausha chaji kila siku, ikichajiwa mara mia kadhaa imechoka. Lithiamu ya fosfeti, aina mojawapo ya betri za lithiamu, inapita mara 2,000. Halafu hizi nne zina zaidi ya kilo 20, nani atazipandisha ghorofani kuchaji?

Nimerudi dukani, naambiwa waranti ya betri ni miezi mitatu. Kuangalia risiti, wameandika "skuta 1", basi. Aina ya betri haimo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba usafiri wenyewe unafaa mno. Kuijaza chaji ni kama uniti moja na kidogo ya umeme wa LUKU, haifiki shilingi 500. Haina moshi, haina kelele, na foleni ya Shekilango unaipita huku mtu yuko peke yake ndani ya gari la IST anaunguza mafuta kwa safari ya kilomita tatu. Jiji hili lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018 kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Sasa sisi wa safari fupi tumeachiwa matapeli, na kila anayelizwa anawaambia wenzake vya umeme ni uchafu!

TBS (shirika la viwango) na FCC (tume ya ushindani), lazimisheni aina ya betri, uwezo wake na tarehe ya kutengenezwa viandikwe kwenye risiti. Mnaotaka kununua, msitoe hela kabla kiti hakijafunguliwa mbele yenu.

Mwenye kujua duka la Dar linalouza pakiti halisi ya lithiamu ya volti 48 aweke hapa. Na wewe uliyeniuzia, Jumatatu nakuja na fundi na betri zako zote nne.