Mkimbiaji akiondolewa kwenye besi na mlinzi, kisha akaguswa na mpira, ametoka?

MwalimuWaMichezo: Ndugu zangu, nawafundisha vijana besiboli, na juzi tulitazama mchezo wa pili wa fainali za Marekani, World Series, uliochezwa Minneapolis tarehe 20 Oktoba 1991. Ron Gant wa Atlanta Braves alipiga mpira, akaipita besi ya kwanza (kituo ambacho mkimbiaji akikikanyaga huwa salama), kisha akalazimika kurudi upesi. Alipokwisha kuikanyaga, Kent Hrbek wa Minnesota Twins, aliyekuwa na mpira mkononi, alimbana mguu, nao ukainuka juu ya besi huku glavu ikiwa bado imemgusa. Mwamuzi Drew Coble akaamua kwamba Gant ametoka, yaani ametolewa mchezoni kwa zamu hiyo. Vijana wangu waligawanyika, nami sikuwa na jibu la kuwatosheleza. Je, kanuni inamlinda mkimbiaji wa namna hii?

MzeeWaKanuni: Mwalimu, inamlinda. Ni kweli kwamba mkimbiaji anayeguswa na mpira akiwa hajakanyaga besi, mchezo ukiendelea, hutolewa. Hata hivyo, mwongozo wa waamuzi wa ligi kuu unaeleza kwamba mlinzi akimsukuma au kumlazimisha mkimbiaji kuiacha besi ambayo angehesabiwa kuwa salama, awe amekusudia au hakukusudia, mwamuzi ana mamlaka ya kumrudisha. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nia ya Hrbek. Jiulize tu kama mguu wa Gant ungebaki pale iwapo mlinzi asingemshika, na mimi naamini ungebaki.

TazamaMiguu: Naheshimu maoni ya Mzee, lakini tusimhukumu Coble kwa picha tunazozirudia mara kumi, wakati yeye aliona mara moja tu, miaka mingi kabla ligi haijaruhusu maamuzi kama hayo yahakikiwe kwa video. Alieleza kwamba kasi ya Gant mwenyewe ndiyo iliyomtoa kwenye besi, na jambo hilo hutokea mara nyingi, hasa katika besi ya pili, ambapo mkimbiaji huteleza akaipita kidogo na mlinzi mvumilivu akaacha glavu mwilini mwake hadi mguu uachane na besi. Huyo ametoka kwa haki, ingawa miili yao iligusana.

MwalimuWaMichezo: Nashukuruni nyote. Basi, nikiwa uwanjani bila video, nitatofautishaje kasi ya mkimbiaji na nguvu ya mlinzi?

MzeeWaKanuni: Tazama mwelekeo. Kasi humpeleka mtu kule alikokuwa akielekea, na Gant alikuwa akirudi kutoka upande wa besi ya pili, kwa hiyo kasi yake ingemsogeza mbele kuvuka besi, lakini haiwezi kuunyanyua mguu wake juu. Kwa sababu hiyo bado uamuzi ule unaniuma: mwenzake Lonnie Smith alikuwa besi ya tatu, Braves walikuwa nyuma 2–1, na Gant akawa mtu wa tatu kutolewa, hivyo zamu yao ikaisha hapo. Twins walishinda 3–2. Wewe simama mahali ambapo unauona mguu pamoja na mkono wa mlinzi, na ukiridhika kwamba amesukumwa, subiri tukio lile limalizike, kisha mrudishe mkimbiaji kwenye besi yake, na umweleze kocha wa timu ya ulinzi ulichokiona kabla mpira haujarushwa tena.