Nani hasa wanaopiga "Jambo Bwana" kwenye lile tangazo la runinga?

Mwana wa Barani, Malindi:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Jana magharibi nilikuwa mkahawani hapa Barani, kahawa chungu mkononi, runinga ikapitisha tangazo la safari za mbugani. Nyuma ya simba na twiga unapigwa "Jambo Bwana". Nikaweka kikombe chini. Wimbo naujua, nani asiyeujua Pwani hii? Ninachotaka ni bendi. Mpwa wangu kabonyeza simu, kasema Boney M. Nikamwambia hapana, mwanangu. Marehemu baba alipiga gitaa katika hoteli za Malindi miaka ya 80, Waitaliano wakimtuza mpaka usiku wa manane, na kila mara alituambia huu ni wimbo wa wana wa Pwani. Ila "mzuri sana" hakukubali kuiimba. Alisema habari ni nzuri, si mzuri, na "nzuri" ndiyo aliyowaimbia wageni, wajue wasijue. Kwenye tangazo ni wanaume watupu, gitaa laini, Kiingereza hakuna hata neno. Ni kina nani?

Bi Mkubwa wa Shela, Lamu:
Wa alaykum salaam mwanangu. Baba yako alisema kweli, Mungu amrehemu. Wenyewe ni Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison iliyoanza Mombasa mwaka 1972. Baadaye wakajiita Uyoga. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison, na wimbo ulitoka 1982. Boney M, kundi la Frank Farian wa Ujerumani, waliuchukua mwaka 1983 wakautia disko na Kiingereza. Kwa hivyo hao watoe.

Fundi Sauti:
Shikamoo Bi Mkubwa. Msiwasahau Safari Sound Band, nao waliurekodi miaka hiyohiyo ya 80, na watu huwachanganya sana na Mushrooms. Lakini kaka, mimi kazi yangu ni kurekodi matangazo. Wimbo una haki mbili: ya mtunzi, na ya mwenye rekodi. Anayetaka sauti ileile ya zamani lazima aombe kote kuwili. Wengi huomba kwa mtunzi tu, kisha huita wapigaji studio wakaupiga upya. Hao majina yao huyaoni popote. Usikilize ule wa 1982, halafu tangazo, palepale, bila kuchelewa.

Mwana wa Barani, Malindi:
Nimefanya hivyo, fundi, ahsante. Shukrani Bi Mkubwa. Tangazo si Mushrooms. Ngoma zake zimenyooka mno, kama za mashine, na gitaa halipumui. Ule wa 1982 niliufungulia jikoni mama akipepeta mchele, sikumwambia kitu. Ungo ukasimama. Akasema, "Hapo mwanzo, babako alikuwa akikosea kidole kila siku, kisha akijifanya amekusudia." Nimeurudia ule mwanzo mara nne. Sasa natafuta kanda yenyewe, si ya simu. Aliye nayo Malindi au Lamu, anijibu hapa. Nitaifuata hata kwa mashua.

Bi Mkubwa wa Shela, Lamu:
Kuna sanduku la kanda chini ya kitanda changu. Ngoja mjukuu atoke madrasa anivutie.