Wakimbiaji mnaochanganya na baiskeli, tupeane uzoefu: pumzi ipo ila miguu inakataa

#1
Habari zenu wakuu. Mimi nakimbia mwaka wa nne sasa, ni mtu wa kazini asubuhi mpaka jioni kwahiyo mazoezi nayapata alfajiri tu kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Kilometa 10 nimekimbia mara nyingi sikumbuki idadi, nusu marathoni mara tatu, marathoni kamili mara moja. Naleta hii mada maana kuna kitu kimenitokea na naamini sio kwangu tu.

Mwaka jana najiandaa na nusu marathoni ya pili nikaanza kusikia maumivu kwenye ugoko wa mguu wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Mwanzoni yalikuwa yanakuja nikianza kukimbia halafu mwili ukipata moto yanapotea, nikasema haya ya kawaida. Baada ya wiki mbili yakawa hayapotei tena, nikigusa pale kwa kidole nasikia sehemu moja tu inauma sana, na kushuka ngazi lazima nishike ukuta. Daktari akaniambia mfupa umechoka, bado haujaweka ufa lakini ndiko unakoelekea, nisikimbie wiki sita. Akasema baiskeli ruksa kama haiumi.

Basi nikaingia kwenye baiskeli na kusema kweli niliipenda mpaka nikashangaa. Siku nne kwa wiki, siku ya mapumziko natoka masaa mawili na nusu, natafuta vilima makusudi. Mapigo ya moyo nikiamka yalikuwa 62, yakashuka mpaka 54. Wiki ya sita inaisha najiona nina pumzi ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Nimerudi kukimbia, kilometa tano za kwanza nimezimaliza bila hata kuhema, nikaona mbona niko vizuri. Wiki ya kwanza nikapiga kilometa 20, ya pili 34, ya tatu nikaweka na siku ya kasi. Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu ugoko ukarudi palepale. Niliumia moyo sana, nilikaa pembeni ya barabara kama robo saa nzima nimeshika mguu.

Baadae nimekuja kuelewa kuwa moyo na mapafu havijui kama upo kwenye kiti au upo kwa miguu, kazi ni kazi, vinakua tu. Lakini kwenye kukimbia kila hatua mguu unapokea mzigo wa karibu mara mbili mpaka tatu ya uzito wa mwili wako, na kwenye baiskeli ule mshindo haupo kabisa. Kwahiyo mfupa wangu ulikaa wiki sita bila kufundishwa chochote, halafu nikaukabidhi moyo wenye nguvu mpya. Moyo unazoea ndani ya wiki chache, mfupa na kano zinataka miezi. Injini mpya kwenye fremu ileile iliyokuwa imeshalalamika.

Nimeshapona tena na nina nusu marathoni mbele yangu baada ya wiki 11. Baiskeli siiachi. Nyie mliochanganya hivi vitu viwili mmefanyaje? Na mambo mengine yoyote ya mashindano yaliyowafundisha leteni, hata kama hayahusu ugoko.

#2
Pole sana mkuu. Mimi yalinikuta hayohayo ila kwangu ilikuwa kano ya kisigino. Kilichonisaidia ni kurudi kwa dakika na sio kwa kilometa. Dakika moja nakimbia, mbili natembea, mara kumi, siku moja ndio moja hapana. Wiki ya kwanza unaona kama unapotezewa muda maana pumzi inakuambia twende, usiisikilize. Nilijiwekea sharti kwamba asubuhi ya kesho yake nikikanyaga chini kutoka kitandani nikasikia kano imekaza kuliko jana, siku hiyo ni baiskeli, hamna mjadala. Ilinichukua wiki 9 kufika nusu saa ya kukimbia mfululizo, na tangu hapo haijarudi, sasa ni mwaka wa pili.

#3
Nachangia upande wa baiskeli maana wakimbiaji wengi tunaipanda tu kama tulivyoikuta. Mimi nilianza kuumwa goti mbele, chini ya kile kifupa cha mviringo, nikasingizia kukimbia, nikabadilisha raba mara mbili, nikapumzika, wapi. Fundi mmoja wa baiskeli aliponiona napita akanisimamisha akasema kijana kiti chako kiko chini sana, magoti yako yanakaribia kifua.

Pimeni hivi. Kaa kwenye kiti, mtu akushikie baiskeli au egemea ukuta, weka KISIGINO kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukishapata hapo, ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali kama unavyoendesha, goti litabaki na mkunjo kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mara nyingi goti linauma mbele, kikiwa juu sana linauma nyuma na nyonga zinayumba kushoto kulia ukiwa unakanyaga. Mimi nilipandisha sentimita tatu, siku kumi goti likanyamaza.

Na jingine, acheni kukanyaga gia nzito mkidhani ndio mazoezi. Shusha gia, zungusha mara 85 mpaka 95 kwa dakika, goti litakushukuru.

#4
Mimi dada wa miaka 41 naomba nitofautiane kidogo na mleta mada, sio kubishana. Baiskeli ndiyo iliyonipa kasi. Nusu marathoni yangu ilikwama kwenye masaa 2 na dakika 14 kwa mashindano matatu mfululizo, kila nikiongeza kilometa za kukimbia naumwa nyama za nyuma ya paja, nikipunguza sisogei. Nikaacha kukimbia siku tano nikabaki na tatu, zile mbili nikaweka baiskeli ya taratibu kabisa, ile ambayo naweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Miezi minne baadae nimekimbia 2:05 na nimemaliza nikiwa na nguvu.

Ila mnaona, sikuwahi kuacha kukimbia. Siku tatu zilibaki kila wiki, hata kama ni kilometa nne nne tu. Nadhani hapo ndipo tofauti yangu na ya mkuu ilipo, mwili wangu haukusahau mshindo. Na mifupa kwa sisi wanawake kadri umri unavyoenda ni jambo la kulichukulia kwa uzito, kuendesha peke yake hakuijengi mifupa kama kukimbia na kunyanyua vitu vizito, hilo nililijua mapema kupitia mama yangu aliyevunjika nyonga.

Kingine kwa wanaotumia saa za kupima mapigo, msilinganishe namba za baiskeli na za kukimbia. Kwangu juhudi ileile kwenye baiskeli inasoma pungufu kama mapigo 8, kwa sababu umekaa, mwili haujibebi wenyewe na misuli inayofanya kazi ni michache. Nilikuwa najilazimisha kufikisha namba ya kukimbia nikiwa juu ya baiskeli, kumbe kila siku ya taratibu naigeuza kuwa siku ngumu.

#5
Mimi nitaongelea siku ya mashindano maana hapo ndio nimeumia zaidi kuliko mazoezini. Marathoni yangu ya kwanza nilijiandaa vizuri, kukimbia na baiskeli vyote, mguu mzima kabisa. Mlio wa kuanza umepigwa, watu wanashangilia, muziki, nikatoka na kundi la watu wanaokimbia dakika 5 kwa kilometa wakati mpango wangu ni 5:40. Na haikuuma jamani, hilo ndilo nataka msikie vizuri, HAIKUUMA mpaka kilometa ya 30, nilikuwa nahesabu nitamaliza na muda gani nikampigie simu nani. Kilometa ya 33 ni kama mtu amezima swichi, miguu haiumi ila haiendi, mikono ya baridi, naona watu wazima niliowapita asubuhi wananipita mmoja mmoja na wengine wananipigapiga bega wananiambia twende ndugu. Nilitembea zaidi ya nilivyokimbia zile 9 zilizobaki. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ilikuwa imekwisha, na ukienda kasi kuliko uwezo unaichoma haraka zaidi, baiskeli yote ile ya miezi mitano haikuniokoa.

Mara ya pili nikafanya kinyume. Nilikuwa nimeangalia mgawanyo wa muda wa marehemu Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa Kenya, kwenye marathoni ya Chicago mwaka 2023 alipokimbia 2:00:35, nusu ya kwanza 60:48 na nusu ya pili 59:47. Mtu aliyeweka rekodi ya dunia siku ile na bado aliacha kitu kwa ajili ya nusu ya pili. Nikasema kama yeye alibakiza mimi ni nani. Nimetoka na 5:50, nimekula jeli (ile sukari nzito ya kwenye pakiti) kila dakika 35 hata kama sijisikii njaa, na kilometa ya 33 nilikuwa na machozi kwa sababu nilikuwa bado nakimbia.

#6
Kuna anayefanya zile za kukimbia, baiskeli, halafu kukimbia tena? Kama hujawahi kushuka kwenye baiskeli ukaanza kukimbia papo hapo usije ukajifunzia kwenye mashindano. Dakika kama tano mpaka kumi za mwanzo miguu inakuwa mbao, unaona kama unatambaa kumbe ukiangalia saa unakwenda kasi kuliko mpango. Mimi kila Jumamosi mwisho wa safari naacha baiskeli ndani navaa raba nakimbia dakika 15 tu. Inatosha. Kilometa ya mwisho ya baiskeli nashusha gia nazungusha haraka haraka kuamsha miguu.

#7
Mimi naomba niongelee maji, na naomba msome mpaka mwisho kwa sababu nilikaribia kupoteza maisha. Kila mtu aliniambia kunywa maji, kunywa maji, usisubiri kiu. Mimi ni wa polepole, marathoni yangu ni masaa matano na zaidi, kwahiyo nilipita kila meza na kila meza nakunywa vikombe viwili, na nyumbani nilikuwa nimeshakunywa chupa kubwa. Kufika kilometa ya 35 kichwa kinauma, tumbo limejaa linacheza, pete imekaza kidoleni mpaka haigeuki. Nikadhani nimeishiwa maji nikanywa tena. Nilimaliza nikatapika, nikawa naongea vitu visivyoeleweka, mdogo wangu ndiye aliyewaita watu wa huduma ya kwanza. Wakapima damu, chumvi ilikuwa imeshuka sana, nilikunywa maji mengi kuliko jasho nililotoa, yakaizimua damu.

Wenye kasi hawapati muda wa kunywa kiasi hicho, sisi wa nyuma ndio tupo hatarini. Sasa hivi nakunywa nikisikia kiu, na mazoezini najipima uzito kabla na baada. Nikirudi nimeongezeka uzito najua nimezidisha.

#8
Umefanya vizuri kulisema dada #7. Nimekimbia miaka sita sijawahi kuambiwa hilo.

Langu ni fupi. Wakimbiaji mkianza kuendesha kwenye kundi msigusishe tairi ya mbele na ya nyuma ya mwenzio. Ni kweli ukikaa mgongoni kwa mtu upepo unapungua na unaokoa nguvu nyingi, lakini tairi yako ikigusa yake anayeanguka ni wewe. Nilivunjika mfupa wa bega hivyo, wiki mbili kabla ya mashindano niliyoyasubiri mwaka mzima. Kofia ngumu ilipasuka vipande viwili, kichwa kizima, namshukuru Mungu.

#9
Mleta mada nimerudi. Nimesoma yote mara mbili na nyingine nimeandika kwenye daftari la mazoezi.

#2 nimechukua ile ya dakika na lile sharti la asubuhi. #4 dada yangu hujatofautiana na mimi, umenionyesha kitu nilichokuwa sikioni, nilikuwa nafikiria ni baiskeli AU kukimbia. Kwa wiki hizi 11 nitafanya siku tatu za kukimbia, mbili za baiskeli ya taratibu, moja ya vilima na moja ya kulala. #5 nitatoka taratibu, nimeshamwambia mke wangu asinitegemee mapema pale kwenye kamba.

Kuna kitu sikukisema kwenye mada. Tangu wiki iliyopita goti la kushoto limeanza kuuma mbele nikipanda vilima, nikanyamaza kwa sababu nilichoka kuwa mtu wa kuumwa kila siku. Baada ya kusoma #3 nimeenda saa hii kwenye baiskeli, nimeegemea ukuta, nimeweka kisigino kwenye pedali. Mguu ulikuwa umekunjika vibaya. Nimepandisha kiti sentimita mbili kwanza nizoee, alfajiri natoka nayo saa moja ya taratibu nikirudi nitawaambia goti limesemaje.