Msingi wa saa kubwa ya jua: jamvi moja au misingi miwili?

Mpenda_Kivuli: Wakuu, salaam. Nataka kujenga saa ya jua ya nje: uso wa duara, kipenyo mita 4, na bomba la chuma la kutupa kivuli. Hesabu za mistari nimemaliza. Kinachonitatiza ni chini. Udongo ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka. Nimwage jamvi moja (bamba pana la zege), au bomba liwe na msingi wake?

fundi_nondo: Tenganisha mkuu. Bomba linasukumwa na upepo, linataka kung'oa kilicholishika. Chimba mpaka udongo usiocheza na misimu, mwaga zege la 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto) lenye nondo. Uso uwe jamvi jembamba pembeni yake.

SaaSita: Fundi, hapo sikubali. Hilo jamvi jembamba mfinyanzi utalinyanyua, bomba libaki palepale, mistari ihame. Jua huzunguka angani digrii 15 kwa saa, yaani robo digrii kwa dakika. Kwenye mita 4, kuinama robo digrii, kosa linaloweza kufika dakika moja, ni ukingo mmoja kuzama milimita 17 tu! Mwaga jamvi moja la nondo, nene zaidi chini ya bomba. Kwanza ondoa mfinyanzi, jaza changarawe, shindilia tabaka kwa tabaka. Bomba likae kwenye bolti zenye nati juu na chini ya bamba la kitako chake, siku likiinama unalirudisha kwa spana.

fundi_nondo: Hizo nati nimezikubali. Ila maji ndiyo adui wenu. Zungushia mfereji, na mti usiwe karibu, mizizi hunyonya mfinyanzi ukasinyaa upande mmoja.

Mpenda_Kivuli: Asanteni. Bolti nizielekeze kaskazini kwa dira?

SaaSita: Usithubutu, sumaku haionyeshi kaskazini ya kweli, na nondo zitaivuruga zaidi. Kabla ya kumwaga, simamisha kijiti wima, chora duara kukizunguka. Weka alama ncha ya kivuli inapoligusa asubuhi, na tena alasiri. Gawa pembe kati ya alama hizo katikati: ndiyo kaskazini-kusini yako. Bolti zishikwe na kibao kilichotobolewa zege lisizisogeze.

bibi_pimamaji: Na msiumizane kwa sekunde. Jua lina upana wa nusu digrii, ukingo wa kivuli utakuwa na ukungu tu. Zege limwagiliwe siku 7, bomba lisubiri 28.