Naomba ushauri: maneno ya Kilatini kwa jezi ya timu yetu

Wasee habari zenu, niko Kisumu, hapa Kondele, na tuko na timu ya mtaa tunataka kuweka maneno ya Kilatini kwa jezi, vile Everton wako na Nil Satis Nisi Optimum na Spurs wako na Audere Est Facere. Sisi tunataka kusema "pamoja tutashinda". Shida ni programu za kutafsiri kwa simu, moja inatoa Simul vincemus, ingine Una vincimus, na nikisoma naona vincimus ni tunashinda saa hii lakini vincemus ni tutashinda, yaani herufi moja tu inabadilisha wakati wote, na kwa jezi huwezi futa. Sasa simul na una ipi ndio pamoja ya watu wa timu moja, sio pamoja ya kufanyika kwa wakati mmoja? Kuna mtu hapa alisoma seminari ama anajua padri mzee anisaidie? Hawa vijana wamechanga pesa yao ya boda na ya kuuza samaki, nataka iandikwe sawa. Fundi wa Kibuye anangoja tu maneno.