Kwa nini mfuko wa maji wenye ziada unaomba bei ipandishwe?

Msomaji wa Bajeti
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kwa wanaoelewa hesabu za jiji. Nimekaa jioni mbili nikisoma rasimu ya bajeti ya mwaka ujao, nami nimekwama kwenye kurasa za maji safi na majitaka. Fedha zake zimewekwa katika mfuko wa peke yake, mbali na mfuko mkuu unaolipia barabara na uzoaji taka. Mfuko huo unaonyesha kuwa mapato yatazidi gharama za uendeshaji kwa karibu theluthi moja, na hata hivyo ukurasa unaofuata unapendekeza bei ya maji ipande. Ikiwa fedha zinabaki, kwa nini wateja waongezewe mzigo? Sipendi kumtuhumu mtu kabla sijaelewa.

Mhasibu Mstaafu
Swali lako ni la msingi. Mfuko hutengwa ili huduma ijiendeshe kwa ankara za wateja badala ya kodi, na pia ili ankara hizo zisichotwe kulipia mambo mengine. Gharama za uendeshaji ni mishahara, umeme wa pampu, dawa za kutibu maji na matengenezo madogo madogo. Marejesho ya mikopo hayamo, na hapo ndipo sehemu kubwa ya hiyo ziada inapokwenda. Mitambo hujengwa kwa mikopo au hatifungani (hati za deni wanazouziwa wawekezaji) zinazolipwa kwa mapato ya maji yenyewe, na wakopeshaji huweka sharti kwamba kinachobaki baada ya uendeshaji kizidi marejesho ya mwaka, mara nyingi kwa uwiano wa takriban 1.25. Marejesho yakiwa milioni 100, basi zibaki angalau milioni 125. Deni la namna hii si la kuchezea: Kaunti ya Jefferson, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika Novemba 2011, chanzo kikuu kikiwa deni la majitaka lililozidi dola bilioni 3. Tafuta jedwali la marejesho kabla ya kuhukumu.

Fundi wa Mtandao
Mzee wangu amesema kweli, ila mimi naogopa zaidi kile kisichoandikwa popote. Tuliwahi kukata bomba la chuma ambalo kwa nje lilionekana zima, kumbe ndani kutu ilikuwa imejaa hadi tundu lililobaki halipitishi vidole vitatu. Vitabuni uchakavu wake, yaani thamani inayohesabiwa kupungua kila mwaka, ulikuwa umehesabiwa kwa bei ya siku lilipofukiwa, bei ambayo miongo kadhaa baadaye haitoshi hata kuchimba mtaro. Hivyo jiji linaweza kutenga uchakavu wote kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, na bado likakosa fedha za kununua bomba jipya. Angalia katika bajeti ya miradi ni kilomita ngapi zitabadilishwa, kisha ugawe urefu wa mtandao wote kwa idadi hiyo.

Msomaji wa Bajeti
Nashukuruni sana. Nimegawa: mtandao una kilomita 900, na mwakani zitabadilishwa 4, maana yake miaka 225 kwa mzunguko mmoja. Marejesho nayo yanameza zaidi ya nusu ya ile ziada. Swali la mwisho: majitaka hayana dira ya kuyapima, sasa yanatozwaje?

Mhasibu Mstaafu
Kwa kawaida hukadiriwa kutokana na maji safi yaliyopita kwenye dira yako, kwa dhana kwamba sehemu kubwa yake huishia kwenye bomba la majitaka.

Fundi wa Mtandao
Na mvua ikinyesha, maji ya ardhini huingia kupitia nyufa za mabomba ya majitaka, mtambo ukayasafisha yote ingawa hakuna aliyeyalipia. Kwa upande wa maji safi ni kinyume chake: maji yaliyokwisha kutibiwa na kusukumwa huvuja kabla ya kufika kwenye dira. Kabla ya kikao cha maoni, omba takwimu mbili, yaani maji yaliyozalishwa na maji yaliyotozwa, kwa miaka mitano mfululizo. Pengo likiwa linapanuka, uliza ni kiasi gani cha nyongeza ya bei kimetengewa kuliziba, na kimeandikwa katika mstari upi.