Vitabu vya Godzilla: mtatuuzia uongo huu mpaka lini?

Wakuu, nina hasira na sizifichi. Nimejibana miezi miwili nikaagiza kitabu kutoka nje, jalada gumu, picha za rangi tupu, kinajiita historia kamili ya madude ya sinema za Japani. Nimefika sura ya 1962 nikakifunga kwa uchungu.

Eti filamu ya King Kong vs. Godzilla, sokwe mkubwa dhidi ya dude la baharini, ina miisho miwili, kwamba Wamarekani wameonyeshwa Kong kashinda na Wajapani wameonyeshwa Godzilla kashinda. UONGO! Matoleo yote mawili yanaishia kwa Kong kuogelea kwenda zake, Godzilla haonekani tena. Uvumi huu umerudiwa miaka na miaka, na kuupima kunataka kitu kimoja tu: keti uitazame filamu. Mwandishi huyu hakutazama, amenakili kwa wenzake.

Nikarudi nyuma kwenye Gojira ya 1954, filamu ya kwanza kabisa ya Godzilla, hapo ndipo nilipoumia zaidi. Anamwelezea mwigizaji wa Kimarekani Raymond Burr kana kwamba mwongozaji wa filamu hiyo, Ishirō Honda, ndiye aliyempanga! Burr aliingizwa kwenye toleo la Marekani la 1956, filamu ya dakika 96 ikakatwakatwa. Kati ya vilivyotupwa ni mazungumzo ya ndani ya treni, mwanamke analalamika juu ya jodari wenye sumu, mvua ya mionzi, na sasa Godzilla, ilhali yeye amenusurika bomu la Nagasaki. Jodari hao hawakutungwa. Tarehe 1 Machi 1954 majivu ya bomu la majaribio la Marekani kule Bikini, visiwa vya Pasifiki, yaliwaangukia wavuvi 23 wa mashua ya Kijapani Daigo Fukuryū Maru. Mmoja wao, Kuboyama, alifariki Septemba. Filamu ikatoka 3 Novemba. Watu waliingia ukumbini na msiba mbichi! Kitabu kizima hakina hata mstari mmoja wa habari hiyo.

Halafu ule mngurumo wa Godzilla anasema ni sauti ya mnyama. Ni mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, Akira Ifukube, kwa glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi za besi kubwa, ile ala ya muziki kama fidla kubwa. Haruo Nakajima, aliyetembea ndani ya vazi lile zito la Godzilla chini ya taa kali, katajwa mara moja, tena kwenye maelezo ya picha.

Kabla hujalipa, omba kuonyeshwa kurasa za 1962. Zikiwa na miisho miwili, rudisha hela mfukoni.

Mwenye kitabu ambacho mwandishi wake anasoma Kijapani na amewahoji waliokuwepo studio za Toho, kampuni iliyotengeneza filamu hizi, aweke jina hapa. Nitajibana tena.